Bibi Mawe na Mlango wa Kijani

3 Machi

Kaka yangu Kobe,

Salamu utazikuta chini kabisa, kwanza ugomvi. Nilipokupigia simu wiki iliyopita ulinikatia, halafu ukasingizia betri. Fundi wa redio na televisheni, mtaa mzima unakutegemea wewe, leo uishiwe betri? Haya bwana. Mama amesema tusigombane tena kwa simu, jambo lenye ubishi liandikwe, maana karatasi haipandishi sauti. Basi naandika, na kalamu nimeikandamiza mpaka imetoboa ukurasa wa chini.

Mguu wa Mama umepona. Daktari amesema, wifi amenithibitishia, na Mama mwenyewe anajisifu kwamba anapanda ngazi zenu bila fimbo. Baada ya ile ajali ya bafuni tulikubaliana kwamba hatakaa tena peke yake, na nyumba yake tukapangisha. Hatukukubaliana kwamba atakaa kwako! Ulimchukua kumuuguza kwa sababu hospitali iko karibu nawe. Sawa, nashukuru. Sasa mlete.

Nimepaka rangi kile chumba cha nyuma ya tanuri. Ukuta wake unapata joto tangu mkate wa kwanza wa asubuhi, hata baridi ikija hataihisi. Dirisha linatazama barabarani, aone watu. Pazia nimeshona mwenyewe, upande mmoja umependa kuwa mfupi, lakini sitaki maoni yako. Shemeji yako amemtengenezea kiti chenye mikono. Amebaki wa kukikalia tu.

Salamu sasa: hatujambo, wanao wa huku wanamsalimu mjomba wao, na nakutumia mikate ya maziwa kwa mkono wa dereva wa basi. Usiimalize njiani kabla Mama hajaonja.

Mdogo wako,
Kimbunga


14 Machi

Kimbunga,

Barua yako imefika pamoja na mikate. Mikate tumeimaliza, barua bado tunaitafuna.

Nianze na pazia. Mama amecheka sana aliposikia, kasema tangu zamani mkasi na wewe hamjawahi kuelewana. Kuhusu kumleta, mdogo wangu, mbona una haraka? Mama hapa ana raha zake. Asubuhi anakaa dukani kwangu anapokea wateja, na ameanza kuwakaripia wanaochelewa kuchukua redio zao. Wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Mke wangu amemzoea, watoto hawalali kabla bibi yao hajawaambia neno. Nimwondoe vipi?

Lakini nina habari. Juzi nilikuwa napekua stoo natafuta kasha la redio fulani ya kizamani, nikakuta boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Nikajua mara moja kwamba fundo lile ni la marehemu Baba. Ndani nini? Mashine yetu ya gemu! Ile ambayo mteja wa Baba aliileta itengenezwe, akapotea moja kwa moja, Baba akamsubiri mpaka akachoka, akatupa sisi. Vishikio vyote viwili vya kuchezea vipo na nyaya zake. Na kanda yetu ya gemu ipo, ile moja tu tuliyokuwa nayo, karatasi ya juu imebanduka hata jina lake hatukulijua.

Unaikumbuka? Vijitu viwili, cha kofia nyekundu na cha kofia ya njano, vinapanda jumba refu kwa ngazi kuelekea mlango wa kijani. Na yule bibi wa dirishani anavirushia mawe. Nimewauliza vijana wanaokuja kununua nyaya, wale wanaojua kila gemu ya miaka ya tisini. Hakuna aliyewahi kuiona. Mmoja aliniambia zilikuwepo nyingi za namna ile, zilitoka chache, hazikununuliwa, zikasahauliwa hata na waliozitengeneza. Nilisikia uchungu kidogo, kama mtu ameniambia mtaa wetu haukuwepo.

Shaba ya kanda ilikuwa nyeusi tii. Nikaisugua kwa kifutio, nikaipangusa kwa spiriti. Sikuipuliza. Tuliipuliza utoto mzima tukidhani tunaitibu, kumbe mate yetu ndiyo yaliyokuwa yanaiozesha. Nikawasha. Ule wimbo ukaanza, nikakaa chini sakafuni bila kujua.

Sasa sikiliza. Hili la Mama tutaandikiana mpaka posta itufukuze. Njoo tucheze kama zamani. Atakayefika kwanza kwenye mlango wa kijani, Mama akae kwake. Atakayeshindwa aweke kishikio chini na asitie neno.

Kaka yako,
Kobe


22 Machi

Kaka,

Umenichokoza mwenyewe! Umesahau nani alikuwa anaosha vyombo nyumbani kwetu? Sheria ya Mama ilikuwa moja: anayefika kwanza mlangoni anabaki kucheza, aliyeshindwa anaweka kishikio chini papo hapo na kwenda kuosha masufuria. Mikono yako ilikuwa imekunjamana kama ya dobi. Mimi nilikuwa nafika, ule mlango wenyewe haufunguki, ni pambo tu, nabonyeza kitufe cha kuanza upya, na wewe uko jikoni unabamiza mifuniko ili dunia nzima ijue umeonewa.

Nimekubali. Tena nimemwambia shemeji yako, akashika kichwa, akauliza kama mama wa mtu anachezewa gemu. Nikamwambia wewe huijui familia uliyooa.

Ila Kaka, utani kando kidogo. Niliolewa nikiwa mdogo, nikaja huku mbali. Kila likizo mimi ndiye wa kufunga safari kuja, kwa sababu Mama alikuwa na nyumba na kuku wake na hakuna wa kumwachia. Sikuwahi kulalamika. Lakini Mama hajawahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Hajawahi kuona ninavyoamka, ninavyokanda unga, watu wanavyopanga foleni dirishani. Anaijua ladha ya mkate wangu ukiwa umeshapoa, umebanwa na mizigo ya basi. Nataka aule ukitoka tanurini. Nataka anikosoe nikiwa kazini kwangu. Hicho tu. Wewe umemfaidi Mama miaka yote, ulikuwa unakaa mtaa wa pili. Mimi nina wivu, na sioni aibu kusema.

Basi jiandae. Nitakuja mwezi ujao, baada ya shule kufunga. Na usithubutu kufanya mazoezi kabla sijafika.

Mshindi wako wa siku zote,
Kimbunga


2 Aprili

Mdogo wangu,

Yale ya katikati ya barua yako nimeyasoma mara nyingi. Sikuyajua. Ungeyasema, na mimi ningeyajua. Haya.

Mazoezi nafanya, sitakudanganya. Tatizo ni kupata mwenza. Mke wangu kajaribu, kaona vijitu vinaanguka kila mara, akasema ana nguo za kupiga pasi. Watoto wanaiona gemu ya kizee, haina hata sauti za watu. Unajua aliyebaki? Mama.

Usicheke. Amevaa miwani, amekishika kishikio kama sahani ya moto, na kila kitufe ananiuliza kazi yake. Kijitu chake cha njano kinatembea hatua moja kinasimama kushangaa. Lakini jicho lake, dada! Siku ya kwanza tu, yule bibi wa dirishani alipoanza kurusha, mimi nikaruka kukwepa kama kawaida. Mama akabaki pale pale, jiwe likamwangukia. Nikamwambia, “Mama, Bibi Mawe huyo, kwepa!” Akasema, “Mawe gani? Hiyo si mikate? Tazama, ina mistari juu.” Na kweli, kijitu chake hakikufa. Kikapata nguvu, kikaanza kupanda haraka kuliko changu.

Kimbunga, ni mikate. Sisi kila siku tulikuwa tunakimbia chakula. Tena wewe ndiye uliyempa bibi wa watu jina la Bibi Mawe, nikakuamini kwa sababu ulikuwa unashinda.

Kuna jambo jingine limetokea jana, kubwa kuliko hilo. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia, Mama akaiona karatasi, akaichana. Kanikataza kabisa kukuambia. Kwa hiyo sisemi. Njoo tu, dada. Njoo mapema ukiweza.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Hivi unanitakia mema kweli? “Jambo kubwa limetokea, njoo mapema, sikuambii.” Ndiyo barua ya kumwandikia mtu aliye mbali na mama yake? Nimeunguza mikate ya asubuhi nzima.

Mwanzoni nilidhani umechezea ile mashine. Wewe ni fundi, unaweza kukilehemu kishikio changu kikawa kizito, nikajikuta napanda ngazi kama nimebeba gunia. Nikakasirika, nikasema nitakuja na kishikio changu mwenyewe, sijui ningekitoa wapi. Halafu nikawaza. Kama ni Mama? Kama ameanguka tena, au daktari amesema kitu, na yeye ndiye aliyekukataza kuniambia? Ni tabia yake. Alipougua yale macho tulijua baada ya kupona.

Nimempigia wifi. Kacheka tu, kasema hawezi kuingilia mambo ya watoto wa tumbo moja. Kicheko chenyewe sikukipenda.

Sisubiri shule kufunga. Jumamosi nipo kwenye basi. Shemeji yako atabaki na tanuri, Mungu awasaidie wateja. Naja na begi kubwa la kubebea nguo za Mama. Mzima au mgonjwa, namchukua.

Mdogo wako


12 Aprili

Binti yangu,

Kaka yako amenisomea barua yako, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe, maana yeye akisoma anaruka maneno.

Mimi ni mzima. Mguu mzima, macho mazima kwa miwani, tumbo halijambo. Kilichotokea ni cha furaha, na nilimkataza kaka yako kukisema kwa sababu kitu kile hakisemwi, kinaonwa. Punguza kuunguza mikate ya watu.

Nimesikia mmepanga kunichezea gemu. Mimi si sufuria la kugombewa jikoni, lakini nimewaacha, kwa sababu nina hamu ya kuwaona mmekaa chini pamoja kama zamani. Mchezo uchezwe. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma yenu.

Begi usilete. Narudia, begi la kunibebea nguo usilibebe, utachoka bure njiani.

Mama yako


13 Aprili

Kaka,

Barua ya Mama imefika kwa mkono wa dereva, nami namkabidhi hii ya kujibu asubuhi hii hii. Ni ya kwako, usimwonyeshe.

“Begi usilete.” Nimeelewa. Ameshaamua kubaki kwako, anaogopa kuniumiza, ndiyo maana anazunguka. Kile cha furaha labda mmempangia chumba kizuri zaidi. Sijakasirika, Kaka. Nimekaa kwenye kile kiti chenye mikono nikalia kidogo, shemeji yako akajifanya anatafuta koleo.

Nitakuja bila begi, kama alivyosema. Tucheze, nikushinde kwa heshima ya zamani, halafu nimwache anapotaka kuwa. Ila usinionee huruma ukajifanya unashindwa. Nitajua.

Kimbunga


26 Aprili

Kimbunga,

Nyumba ni kimya. Asubuhi mteja kaja na pasi yake, kachungulia kiti cha Mama, kauliza, “Bosi yuko wapi?” Nikamwambia bosi kasafiri, kwenda kukagua tawi la pili.

Bado nacheka peke yangu nikiikumbuka ile Jumapili. Ulivyoruka kwenye mkeka, “Nimefika! Nimeshinda!”, wifi yako akamwaga chai. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikaweka kishikio chini nikaanza kuinuka kwenda jikoni! Miguu ilienda yenyewe. Mama akasema, “Kaa. Nani kakuambia uweke kishikio chini?” Nikamjibu, “Si wewe, Mama, tangu tukiwa watoto?” Akajishika mdomo. Nadhani ni hapo tu alipoelewa kwa nini hatukuwahi kuona.

Maana mimi nilivyoona kwa mara ya kwanza, dada, ilikuwa bahati tu. Nilifika mlangoni, nikataka kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Nikageuka, Mama bado yuko ngazi ya pili, ulimi nje, anauliza cha kurukia ni kipi. Sasa nani atamwambia mama yake mzazi aweke kishikio chini akaoshe masufuria? Nikamsubiri. Kijitu changu chekundu kikasimama pale mlangoni, nami nikawa namwelekeza, kulia, ruka, shika mkate. Akafika, akasimama pembeni yangu. Na mlango ukafunguka. Nilipiga kelele, majirani wakaja.

Pambo! Kumbe ulikuwa unataka watu wawili. Miaka yote ile mmoja anafika, mwingine anafukuzwa jikoni, na mlango wa watu unashangaa.

Uliponishinda sikukuachia, naapa. Mkono wako bado mwepesi. Lakini Mama alipokuambia, “Umeshinda, nimeona. Sasa msubiri kaka yako,” ukanitazama nikiwa kule chini, ukaondoa kidole kwenye kitufe. Hujawahi kunisubiri wewe! Nikapanda nikijisikia kama ndiyo mara ya kwanza kupewa kishikio. Halafu mlango ukafunguka, akatoka yule bibi mwenyewe, Bibi Mawe wetu, na meza nyuma yake imeshatengwa, vijitu vikakaa vikala. Ndipo ulipoanza kulia, na kofia ya njano imekaa pale inatafuna.

Yale maandishi ya kigeni yaliyopita kwenye televisheni baadaye bado hayasomeki. Nimeyanakili vibaya vibaya kwenye kasha la redio. Mama alisema haina haja, yanasema “mmechelewa wapi”.

Nisamehe kwa kutaka kubaki naye peke yangu. Nilidhani nikimwachia atoke atakuwa ameniacha. Mguu unamsumbua? Analala vizuri?

Kaka yako,
Kobe


5 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Leo salamu zinatangulia. Hatujambo sote, na Mama hajambo kuliko sisi.

Niliingia kwenye basi ule mchana nikiwa bado siamini. Unajua nilipanga kabisa maneno ya kumwachia. “Mama, kaa hapa, mimi nitakuwa nakuja.” Nimefungua mdomo tu, akainama chini ya kitanda chenu, akavuta begi lake mwenyewe, limefungwa, limekazwa na mshipi wa Baba. Nikamuuliza amelifunga lini. Kasema siku ile mlango ulipofunguka. Yaani kabla hatujacheza, Kaka! Kabla sijashinda chochote. Ningeshindwa pia angekuja. “Nilikuambia begi usilete, la kwangu lipo tayari,” akasema, “wewe ukaanza kulia kwenye viti vya watu.” Shemeji yako ndiye aliyenichongea kwa simu.

Analala vizuri mno. Ukuta wa tanuri unampa joto, pazia fupi amelishona upya bila kuniomba ruhusa. Asubuhi anakaa kwenye dirisha la duka, anawapa watoto wa shule mikate, na kwa sababu wanapita wakikimbia, yeye huwarushia. Leo nimetoka nje nikamwona, mkono umeinuka, mkate uko hewani. Nikashika ukuta. Nilimwita bibi wa watu Bibi Mawe miaka yote, Kaka.

Mkate wa kwanza kutoka tanurini aliula amesimama, akaunguza vidole. Nilisubiri anisifu. Akasema chumvi imezidi kidogo. Nimefurahi mpaka nikaenda kujificha stoo.

Sasa la muhimu. Mama amekuja na mashine na kanda, lakini nilipofungua boksi nimekuta kishikio kimoja tu. Kasema kingine amekiacha kwenye droo yako ya bisibisi, makusudi, chini ya nyaya. Nenda kaangalie. Yule bibi wa gemu, vijitu vyetu vilipomaliza kula, alituonyesha jumba la pili, refu kuliko la kwanza, na mlango wake ni wa bluu. Mwenye kishikio kimoja hafiki popote. Mama kasema atakaa kwangu mpaka baridi iishe, kisha atarudi kwako na boksi lake, na hapo itakuwa zamu yangu kupanda basi. Hatujaulizwa maoni.

Funga duka siku chache, uje na wifi na watoto. Chumba kipo. Kiti chenye mikono ni cha Mama, usikizoee. Ukifika mlango wa bluu kwanza, nisubiri, na nikifika mimi nitakusubiri, hata kama utapanda kwa mwendo wako ule wa kobe.

Vyombo tutaosha wote.

Mdogo wako,
Kimbunga